Betri ya Kuitazamia Zohali

Dada yangu akitaka kukuona uso, hutazama sikio lako. Wasiomjua hudhani kuna mtu amesimama nyuma yao, na wengine hugeuka kuangalia. Katikati ya kila jicho lake kumeota doa, na kila anachokikabili moja kwa moja hutumbukia humo kikapotea. Pembeni bado kuna nuru. Kwa hiyo amejifunza kuishi kwa pembeni: hutazama kisahani ili aone kikombe, hutazama mlango ili amwone aliyekaa kwenye kiti, na akitaka kuvuka barabara pale Ujiji huyatazama mapaa ili azione pikipiki.

Daktari wa macho alimwambia doa litaendelea kupanuka taratibu. Hakusema lini litafika ukingoni, na dada hakumuuliza. Jioni ya siku hiyo aliniita kutoka kwangu mjini Kigoma, akanipikia migebuka kwa mawese, akasubiri nimalize kunawa, kisha akalitazama sikio langu la kushoto.

"Mdogo wangu, lile dude lako bado unalo?"

"Ninalo, dada."

"Basi nataka kuiona Zohali. Maisha yangu yote ya ualimu nimeichora ubaoni na lile duara lake, watoto wakaniuliza, mwalimu umeliona kwa macho yako? Nikawajibu, nitaliona. Sasa nataka niione kabla hili doa halijaimeza."

Dude lenyewe ni darubini. Niliinunua mkono wa pili Dar es Salaam, kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba na aliyeonekana kufurahi mno kuiona ikiondoka. Mke wangu huiita mke mwenza, kwa sababu inalala sebuleni, inafunikwa shuka zuri, na ndiyo inayonitoa nje jioni. Sina elimu ya kuistahili. Chuo kikuu nilisoma fasihi, na nilihitimu nikijua tamathali za nyota vizuri zaidi kuliko nyota zenyewe. Hata leo nikiulizwa Kilimia kiko wapi, hunyoosha mkono kwa kujiamini, halafu huuzungusha polepole mpaka kipatikane.

Tulijaribu kwanza kwa njia ya kawaida, dada akaweka jicho kwenye tundu la kuchungulia. Humo ndani Zohali ni punje tu, punje nzuri ya dhahabu, nayo ilidondoka moja kwa moja katikati ya doa. Alihangaika kuutafuta ukingo wa jicho lake, lakini tundu ni jembamba, halina pembeni ya kupitia. Akainua kichwa na kusema kwa upole, "Pana giza zuri humu." Nilijua dada yangu ni mtu wa kunipa moyo. Tangu utotoni amekuwa akisifia vitu vyangu ambavyo havikustahili sifa, zikiwemo insha. Nilianza kuogopa jambo moja: kwamba siku moja atasema ameiona, ili mimi nipumzike.

Njia nyingine ilikuwepo. Unaondoa lenzi ya kuchungulia, unaweka kamera ndogo mahali pake, na kamera unaiunganisha na kompyuta ndogo, kibao cha ukubwa wa kiganja kisicho na kioo wala vitufe, ambacho huipokea picha na kuirusha hewani hadi kwenye kishikwambi. Kwenye kishikwambi ile punje inakuwa kubwa kama limau. Kioo unakishika popote, unakiinamisha, unakileta karibu na shavu. Mtu anayeona kwa pembeni anakuwa na pembeni za kutosha. Kibao hicho nilikuwa nacho tayari, nilikinunua katika kipindi kile cha maisha ya mwanamume ambapo wenzangu walinunua pikipiki kubwa. Kilichobaki ni kukilisha umeme.

Mtu atauliza kwa nini nisichomeke ukutani. Ua wa dada una michikichi pande mbili na ghorofa la jirani upande wa tatu, na upande wa nne kuna taa ya ulinzi ambayo haijawahi kumkamata mwizi ila imefukuza nyota zote. Zohali msimu huo ilikuwa inapanda upande wa mashariki baada ya jua kuzama. Ilibidi twende kwenye uwanda ulio wazi, karibu na ziwa, pale ambapo maji yalipopanda miaka ile yalikula kiwanja cha mpira, kisha yakarudisha nusu. Huko hakuna ukuta wa kuchomeka chochote.

Nikatafuta usiku wa giza. Kila kitabu cha nyota nilichosoma kina amri moja kuu, ikimbie mbalamwezi, nami ni mtu wa kutii vitabu. Nikasubiri mwezi ufe, nikakodi bajaji, tukashusha darubini, kiti cha plastiki cha dada, chupa ya chai, na pawabenki ambayo muuzaji aliniapia kwamba ingeweza kuwasha kijiji.

Nakumbuka usiku ule kama kitu nilichokiota. Mvua za kwanza zilikuwa zimeosha moshi wa mashamba, na hewa ilikuwa nyepesi mpaka mtu alisikia maneno ya watu waliokuwa mbali majini. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imeshatoka. Taa zake zilitanda ziwani kama mtaa mrefu uliong'oka nchi kavu na kwenda zake, ukielea, ukiyumba kidogo, na ng'ambo kabisa taa za mwisho zilichanganyika na nyota za chini hata nisijue ni wapi watu wanavua na ni wapi hakuna mtu. Dada alikaa na kanga mabegani. Aligeuza uso kuelekea vilima vya kando ili alione ziwa.

Kompyuta ile ni ndogo kwa umbo lakini ina madeko ya bibi harusi. Inataka volti tano zilizokamilika. Ukiipunguzia kidogo tu haizimiki kwa heshima ikaeleweka. Inakata, inajiwasha, inafikiri, inakata tena. Niliilenga Zohali, picha ikaja kwenye kishikwambi, ukungu wa njano, nikaanza kuinoa. Giza. Nikasubiri iwake. Ikaja. Giza.

"Imekuja?" dada aliuliza.

"Inakuja."

Akanywa chai. "Imekuja?"

"Ilikuja."

"Basi ikija tena iambie isubiri, mwenye nyumba yupo."

Haikusubiri. Tulirudi na bajaji ile ile, darubini imelala mapajani mwetu kama mgonjwa.

Nilisoma, maana ndicho ninachoweza. Nikagundua makosa mawili. La kwanza, nilikuwa nimetumia waya mrefu mwembamba ili pawabenki ikae chini kwenye mkeka, na waya mwembamba hula umeme njiani kama mchukuzi anayedokoa ndizi za mteja. Tano zikitoka huku, kule hazifiki tano. Nikanunua waya mfupi na mnene. La pili, pawabenki imetengenezwa kwa ajili ya simu, na simu ni mgeni asiye na makuu, inapokea kidogo na kushukuru. Kamera, kompyuta na ile mota inayoizungusha darubini ifuatane na anga vilitaka betri ya kweli, betri ya gari, pamoja na kifaa cha kupunguza volti zake ziwe tano. Kifaa nilikipata kwa fundi simu. Betri ndiyo ikawa kazi, kwa kuwa sina gari.

Ila Ujiji nzima imejaa betri za gari zisizo na magari. Siku hizi dagaa wanavuliwa kwa taa za betri, na kila mwenye mtumbwi anazo. Jirani wa dada ana mtumbwi wake ufukweni Kibirizi, na kwa bahati ni mwanafunzi wake wa zamani. Alipita barazani alasiri moja na wavu begani.

"Mwidiwe!" alisalimu kwa Kiha. "Shikamoo mwalimu. Na wewe profesa, shikamoo yako nimeiunganisha humo humo."

Profesa ni jina alilonipa yeye. Sijawahi kuwa profesa, na yeye anajua, ndiyo maana analipenda. Nikamweleza shida yangu: betri moja, jioni moja, giza lijalo, mwezi ukifa tena. Alicheka mpaka akaushusha wavu.

"Unataka betri wakati wa giza? Profesa, hiyo ni kama kumwomba bwana harusi akuazime kanzu siku ya ndoa yake."

"Moja tu."

"Hizo moja tu ndizo zinazoita dagaa. Mimi nikipunguza taa, dagaa wanahamia kwa mwenzangu. Dagaa hawana urafiki."

"Mwache," dada alisema, "ana watoto wa kulisha."

Nilikwenda kwa wengine na kote nilikuta kicheko kile kile kwa sauti tofauti. Wakati wa giza betri za Ujiji na Kibirizi hazikai nchi kavu, zote ziko majini. Nikaelewa hali yangu: mimi na dagaa tulikuwa tunautaka usiku ule ule. Mwezi ukiwepo, betri zinarudi nyumbani lakini anga linachafuka kwa mwanga. Mwezi ukifa, anga linasafishika na betri zinaondoka. Nilimweleza dada mkasa huo kwa ufasaha mkubwa, nikitembea barazani huku na huku. Yeye alikuwa anamimina chai. Aliimimina kando ya kikombe, polepole, kwa uangalifu wote, mpaka ikatiririka mezani na kumlowesha magoti.

Nilifuta meza. Kabla ya hapo alikuwa hajawahi kukikosa kikombe.

"Hivi," alisema baadaye, akikamua kitambaa, "Zohali nayo inaogopa mwezi?"

"Dada, mwanga wa mwezi unafuta nyota. Ndiyo kanuni."

"Sijakuuliza nyota. Nakumbuka nikiionyesha darasa zima, mwezi uko pale na Zohali iko pale, kama jirani na jirani. Au siku hizi wamegombana?"

Nilikaa chini. Amri ile ya vitabu inahusu vitu hafifu, mawingu ya mbali ya nyota ambayo hata pumzi ya mwanga huyazima. Zohali si kitu hafifu. Inang'aa juu ya mbalamwezi, juu ya taa za stendi, juu ya taa ya ulinzi ya jirani wa dada. Na nilikuwa nimeiona mwenyewe, jioni nyingi, mwezi ukiwa mpevu kabisa! Nilikuwa nimeuweka usiku wa dada yangu kwenye foleni moja na dagaa kwa sababu ya kanuni isiyomhusu.

Basi tukasubiri mbalamwezi.

Mbalamwezi Kibirizi ni kama likizo. Mitumbwi inakaa mchangani, nyavu zinashonwa, waliolala mchana kwa majuma wanaonekana mtaani wakiwa wamenyoa ndevu, na ndoa zote zilizokuwa zinangoja zinafungwa kwa mkupuo. Jirani alikuja mwenyewe na betri nyuma ya baiskeli, imefungwa kwa mpira.

"Nzuri zote ziko harusini kwa mdogo wangu, zinapiga spika," alisema. "Hii ni bibi kizee. Inawaka, lakini usiipe kazi mbili kwa pamoja, itakugomea. Na isipelekwe mbinguni, profesa. Mwezi ukififia naihitaji."

Tulishuka ziwani baada ya sala ya isha. Mwezi ulikuwa umeshapanda, na nchi yote ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ziwa halikuwa na taa hata moja. Lilikuwa tupu na jeupe, limenyooka mpaka milima ya Kongo, na mtu angeweza kuamini kwamba hakuna aliyewahi kuvua humo. Kutoka mtaani muziki wa harusi ulikuja na kuondoka kadiri upepo ulivyotaka. Na juu yetu, hatua chache kutoka kwenye mwezi, Zohali imekaa imetulia, haipepesi.

Bibi kizee aliiwasha kompyuta bila mnong'ono. Nikawasha mota. Kompyuta ikakata. Nikazima mota, kompyuta ikarudi. Nikawasha tena mota kwa ujanja, kidogo kidogo, kana kwamba betri haitagundua, ikagundua. Ilibidi nichague kimoja. Bila kompyuta hakuna picha. Bila mota kuna picha, ila haikai: dunia inazunguka, darubini imesimama, na Zohali inaingia upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili, kama mtu anayepita mbele ya dirisha lako bila kubisha hodi.

Nikachagua kompyuta, na mota nikawa mimi. Kuna kifundo cha kuizungusha darubini kwa mkono. Nikapiga goti mchangani, nikakishika, nikawa nakizungusha kwa ule mwendo wa dunia, au niliokadiria kuwa wa dunia, na Zohali ikatulia katikati ya kioo. Ilikuwa nzuri.

Dada alikishika kishikwambi kwa mikono miwili. Akakitazama kwa juu. Akakitazama kwa chini. Akakipeleka kushoto, akakipeleka kulia, karibu na shavu, mbali na shavu.

"Iko wapi?"

"Katikati, dada. Rangi ya njano."

"Naona mwanga wa kioo." Akageuza shingo zaidi. "Labda hiyo. Hapana. Ni kama ukungu tu."

Niliizuia kwa nguvu zangu zote isisogee. Mkono ulikufa ganzi. Jasho lilinitoka na upepo wa ziwa ukalipuliza likawa baridi. Alijaribu pembe zote nne za macho yake, moja baada ya nyingine, kwa utulivu uliotisha, na niliona midomo yake ikianza kujikunja kwenda kwenye lile tabasamu la kunisifia insha.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri sana, mdogo wangu."

Nikaachia kifundo. Sikukusudia lolote, nilichoka tu. Kwenye kioo Zohali ikaanza kuteleza.

"Ee! Nini hicho?"

"Kipi?"

"Kimepita kitu. Kimepita hapa." Aligusa hewa kando ya jicho lake. "Kirudishe."

Nikairudisha, nikaishika katikati.

"Imepotea."

Nikaiachia.

"Hiyo! Hiyo hapo! Usiishike, wewe. Kwa nini unaishika? Iache ipite."

Nikairudisha mwanzo wa kioo na kuondoa mkono. Ilisafiri yenyewe, taratibu, na dada akaifuata bila kuitazama, uso wake umegeukia vilimani, kidole kimoja kikisogea hewani sambamba nayo. Kitu kilichotulia, doa lilikuwa linakimeza, au ule ukungu wa pembeni ulikuwa unakifunika. Kitu kinachotembea, pembe ya jicho inakishtukia, kama mtu anavyoshtukia paka anayekatiza chumbani.

Lakini bado nilikuwa na hofu yangu ile. Mtu anaweza kuona kitu kikipita. Je, alikuwa ameiona Zohali, au alikuwa ananipumzisha?

"Mbona hivi?" aliuliza. "Duara lake liko wapi? Mimi naona inaanza ncha. Halafu tumbo. Halafu ncha tena, imeisha. Kama samaki aliyechomekwa kijiti."

Sikuwa nimemwambia. Mwaka huu duara la Zohali limetugeukia ubavu, nalo halionekani duara tena bali mstari mwembamba unaotokeza pande zote mbili. Nilikuwa nimemficha kwa kuogopa atasikitika kwamba amelikosa. Hakuna ubao, hakuna kitabu cha shule, hakuna adabu ya mtu mwema ambayo ingempa ncha, tumbo, ncha.

"Limelala ubavu, dada," nilisema. "Kama ungo ukiuinua usawa wa macho."

Akafikiri. Akanyoosha kiganja, akakiinamisha, akakinyoosha tena.

"Na mimi nikawachorea kofia ya pama," alisema, akaanza kucheka. "Darasa hadi darasa, kofia ya pama! Wapo watu wazima huko duniani wanaamini Zohali inavaa kofia."

"Miaka mingine inavaa."

"Basi nimeikuta kichwa wazi. Irudishe."

Nikairudisha. Ikapita. Irudishe. Muziki wa harusi ulikuwa umetulia, mtu akawa anahutubia, hatukusikia anasema nini. Kila ilipoingia kiooni dada aliitamka kwa sauti ya darasani, ncha, tumbo, ncha, na kidole chake kikavuka hewa kutoka kulia kwenda kushoto. Niliacha kutazama kishikwambi. Nilikuwa nazungusha kifundo kwa mazoea, kinyume, kisha naachia, na muda wote namtazama yeye, uso wake uliogeukia pembeni ukiwa umejaa mwezi.

"Ncha," alisema. "Tumbo."

Kidole kilisimama hewani.

"Imekata," dada alisema.

Nikageuka kutazama kioo. Kweli, kioo kilikuwa giza, kompyuta ilikuwa imekata.